Kujitolea si Kupaka Rangi Tu

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki na ya Kati viko vyama vya hiari ambavyo watu huviita vilabu vya huduma. Wanachama wake ni wafanyabiashara, madaktari, walimu na maofisa, na pengine hata askari waliostaafu. Rotary, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1905, na Lions, iliyoanza katika mji huohuo mwaka 1917, ndivyo vinavyojulikana zaidi. Wanachama huchanga fedha, hutoa siku zao za mapumziko, kisha hutafuta kazi ya manufaa kwa jamii. Mara ni kisima, mara ni zahanati, na mara nyingine ni kituo cha kupokea wageni katika hifadhi ya wanyama.

Kazi hiyo ya mwisho ndiyo tunayoizungumza juma hili, kwa kuwa wako wanaoiona ni anasa. Husema: wananchi hawana dawa, nanyi mwapaka rangi nyumba ya kutazamia nyani? Swali hilo ni la haki, nalo lastahili kujibiwa kwa mfano. Mfano wetu twautoa kwa jirani zetu wa Malawi.

Lilongwe ulifanywa makao makuu ya Malawi mwaka 1975, ukashika nafasi ya Zomba. Kati ya mji wa zamani na mtaa wa ofisi za serikali, kando ya mto Lingadzi, umebaki msitu uliotengwa kuwa hifadhi. Humo huishi fisi, ambao usiku hutoka na kuzunguka mjini. Katika msitu huo kiko Kituo cha Wanyamapori cha Lilongwe, kinachopokea wanyama waliojeruhiwa, walioachwa yatima, na wale walionyang'anywa wafanya magendo: tumbili, nyani, kakakuona na wengineo. Wanaoweza kupona hurudishwa porini. Mgeni huongozwa na mtu wa kituo anayemweleza kila mnyama alifikaje pale, na watoto wa shule hupelekwa huko kujifunza.

Faida ya mafunzo hayo tutaiona tukikumbuka jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Mwezi wa Mei mwaka 2013, huko Malawi ya kaskazini, lilikamatwa lori lililobeba saruji, na chini ya saruji hiyo zilifichwa pembe za ndovu 781, zenye uzito wa tani 2.6. Pembe hizo zilitoka Tanzania. Waliopatikana na hatia walitozwa faini, wakailipa. Mwaka 2016 pembe zilichomwa moto katika hifadhi ya Mzuzu, na mwaka 2017 sheria ya Malawi ilirekebishwa ili mkosaji mkubwa aweze kufungwa hadi miaka 30.

Hapo ndugu zetu polisi wataelewa upesi. Lori lile lilipita njia ndefu kabla ya kukamatwa. Lilipita mbele ya maduka, vituo vya mafuta na nyumba za watu. Sheria kali ni jambo jema, lakini sheria haina macho. Macho yake ni raia anayeona jambo na kuamua kutoa habari, wala raia hatoi habari ya kitu ambacho hajafundishwa thamani yake. Vivyo hivyo katika msitu wa Dzalanyama, ambao ni chanzo cha maji ya mji wa Lilongwe, ililazimu wanajeshi wapelekwe kuwazuia wachoma mkaa. Askari aweza kumfukuza mchoma mkaa leo, bali hawezi kusimama chini ya kila mti mchana na usiku. Kwa hiyo nyumba ile ndogo ya wageni, yenye picha na mafuvu mezani, ni sehemu ya ulinzi. Mtoto aliyefundishwa humo atampunguzia askari kazi miaka 20 baadaye.

Tukikubali hivyo, yafaa tuulize pia kazi ifanywe namna gani. Kujitolea kuna namna mbili. Iko ya siku moja, ambayo mazao yake ni picha ya watu waliovaa fulana mpya na kushika brashi. Iko nyingine, ambayo mazao yake huonekana mwaka wa tatu, wakati mabati bado hayavuji. Klabu itakayo hiyo ya pili na ishike mambo manne.

Kwanza, iwaulize wafanyakazi wa hifadhi kabla ya kununua chochote. Mwongozaji anayesimama pale kila siku ndiye ajuaye kwamba watoto 60 hufika pamoja na hakuna kivuli cha kuwakalisha. Pili, itangulize maji, vyoo na paa, kisha rangi. Mwalimu hawezi kuleta darasa mahali pasipo na choo cha wasichana. Tatu, vibao viandikwe kwa lugha ya wanaovisoma. Kiingereza peke yake humfaa mtalii, hakimfai mtoto wa mkulima. Nne, kabla ya sherehe ya kufungua, iandikwe katika daftari nani atatunza, kwa fedha gani, na klabu itarudi lini kukagua. Kazi isiyokuwa na mtunzaji ni mzigo aliotwishwa mwenye nyumba.

Liko na jambo la tano, zito kuliko hayo manne. Yapata kilometa 45 kutoka Lilongwe, katika wilaya ya Dowa, iko kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Zamani palikuwa gereza walimofungwa wapinzani wa kisiasa wa utawala wa Dkt. Banda, mwaka 1994 pakageuzwa makao ya wakimbizi. Palikusudiwa watu kati ya 10,000 na 14,000, na sasa wamezidi 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili husikika huko sokoni, makanisani na misikitini. Lakini Malawi, ilipoingia katika mkataba wa wakimbizi mwaka 1987, iliweka masharti, mojawapo likihusu uhuru wa kutembea. Na mwaka 2023 serikali iliamuru waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Basi mtoto wa Dzaleka aweza kukua mwendo wa saa moja tu kutoka hifadhi ile asiione hata mara moja, huku mama yake akitafuta kuni kila siku katika vichaka vinavyozidi kupungua.

Mtoto huyo ndiye anayehitaji somo lile kuliko mwingine, naye ndiye ambaye rangi mpya ya kituo haimfikii. Kama mtoto hawezi kwenda kituoni, kituo kiende kwa mtoto: picha, mwongozaji, miche ya miti, na maelezo kwa Kiswahili. Wala klabu isidhani kwamba huko itakuta watu wa kupokea tu. Tangu mwaka 2014 hufanyika Dzaleka tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi wa Kikongo, Menes la Plume, ambaye mwenyewe alikuwa mkimbizi hapo. Wakazi hulitumikia kwa kujitolea, na wengine huwalaza wageni majumbani mwao. Watu wawezao kupokea maelfu ya wageni katika dhiki yao hawashindwi kutunza kitalu cha miti.

Sisi nasi tusibaki watazamaji. Klabu za Malihai zimekuwapo katika shule za Tanzania tangu mwaka 1980, na kambi zetu za jeshi na kota za polisi nyingi zi karibu na misitu au mbuga. Familia kumi za kota moja zaweza kuchagua Jumamosi moja kila mwezi, zikamwendea mhifadhi wa mahali pao na kumwuliza ana upungufu gani. Akitaja bomba lililopasuka, na litengenezwe bomba. Rangi itafuata.