Mche Usio na Jina

Wako wanaosema kwamba mche uliopunguzwa bei ni mche uliokwisha kufa, na anayeununua ananunua hasara. Hunikumbusha methali ya wahenga: rahisi huvunja upishi. Nimewasikiliza kwa heshima, lakini sikubaliani nao hata kidogo.

Tangu nilipostaafu ukuu wa chuo cha ualimu nimekuwa mteja wa ile rafu ya mwisho katika maduka makubwa ya mjini, inakowekwa miche iliyonyauka kwa nusu bei. Mingi haina ugonjwa wowote. Imeponzwa na kiyoyozi, giza na maji ya kupita kiasi. Kwaruza shina kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani chini ya gome, uhai ungalipo.

Ubaya mkubwa ni kwamba miche hiyo haina majina. Kibandiko ni kimoja tu, nacho ni cha bei. Ukimwuliza muuzaji, hukujibu, "Hilo ni ua la kizungu, mzee." Jibu hilo ndilo ninalolipiga vita. Jina la mmea si pambo. Jina hukuonyesha asili yake, na asili hukuonyesha tiba yake.

Chukua waridi la jangwa, ambalo wataalamu huliita Adenium obesum. Shina lake limevimba chini kama chupa. Wakati wa ukame hupukutisha majani ili kuhifadhi maji. Asiyeujua mmea huu hudhani unakufa, akaumwagilia kila siku kwa huruma mpaka mizizi ikaoza. Huruma bila elimu huua. Tena utomvu wake ni sumu, ambayo wawindaji wa Afrika Mashariki waliipaka mishale. Je, mwenye wajukuu nyumbani asiambiwe?

Mfano unaoniuma zaidi ni kile kijimea chenye majani manene ya malaika, yaliyopangika duara karibu na udongo, na maua ya urujuani yenye vidoa vya manjano katikati. Nacho huitwa cha kizungu. La hasha! Kwao ni Tanga na milima ya Usambara. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, ndiye aliyekipeleka Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland akakiita Saintpaulia kwa heshima yake. Mwaka 2015 wataalamu walikihamishia katika kundi la Streptocarpus. Porini huota kwenye nyufa za miamba yenye kivuli. Ndiyo maana chungu kilichotuama maji hukiozesha. Jani moja tu, likichomekwa pamoja na kikonyo chake kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, huzaa miche mipya.

Tunafyeka msitu kinamoota, kisha tunakinunua kama mgeni, na kinapokwisha kuchanua tunakitupa jalalani. Hiyo ni fedheha, msomaji, wala si jambo la bustani peke yake.

Basi wenye maduka waandike jina kando ya bei. Walimu wawatoe wanafunzi nje ya darasa wakaitambue miti na maua ya wilaya yao. Nasi wanunuzi tuulize kwanza, "Huu unaitwaje, na kwao ni wapi?" Muuzaji akiulizwa hivyo kila siku, atalazimika kujifunza.