Kazi Oman: Mkataba kwanza, tiketi baadaye

Msichana wa Sumbawanga akiahidiwa kazi za ndani Oman, jambo la kwanza kutajwa ni mshahara. La kuuliza kwanza ni mkataba. Sheria ya Kazi ya Oman ya 2023 haikuwajumuisha wafanyakazi wa majumbani, hivyo karatasi aliyosaini ina uzito mkubwa. Dalali akisema "utasaini ukifika", hapo pana shida.

Mwaka 2017 Human Rights Watch ilitoa ripoti baada ya kuwahoji Watanzania 50 waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Karibu wote walisema walinyang'anywa pasipoti.

Basi nakala ya pasipoti, mkataba na namba ya ubalozi wa Tanzania Muscat vibaki kwa ndugu nyumbani. Kuviweka kwenye simu pekee haitoshi, maana hata simu huchukuliwa.