Mwaka wa masomo Marekani: alama zake zinahesabiwa wapi?

Mpango wa Kennedy-Lugar YES ulianzishwa mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ili vijana wa nchi zenye Waislamu wengi wakasome sekondari Marekani kwa mwaka mmoja. Kenya imo, na wapo watoto wetu wa Pwani waliopita njia hiyo. Gharama hulipwa na serikali ya Marekani. Mtoto akichaguliwa, mtaa mzima hufurahi, na ni haki yao kufurahi.

Lakini wazazi huniuliza: alama atakazopata huko zitamsaidia kuingia chuo kikuu? Jibu langu ni kwamba inategemea chuo chenyewe kiko upande gani wa bahari.

Tuanze na hapa nyumbani. KUCCPS hupanga wanafunzi kwa matokeo ya KCSE. Shahada inataka C+ kwenda juu, na kozi zinazogombaniwa huangalia pia masomo manne maalumu. Mtoto aliyepata A tupu kule, akarudi na cheti kizuri cha kutundika ukutani, bado atakaa chumba cha mtihani na wenzake. Zile A hazimwongezei hata pointi moja.

Na hapo ndipo panapouma. Mtihani wa KCSE unabeba masomo ya miaka minne. Mwaka aliokuwa nje, wenzake walisoma riwaya na tamthilia za Kiswahili, wakamaliza mada za hesabu na kemia. Shule za serikali za Marekani hazifundishi IRE, na Kiswahili ni nadra kukipata. Hayo ni masomo ambayo watoto wetu wengi huyategemea kuinua gredi. Asiporudi darasa alilolikosa, atalipia pengo hilo mwenyewe.

Sasa tuvuke bahari. Vyuo vya Marekani hutaka rekodi za shule zote za sekondari ambazo mwanafunzi alisoma, na ule mwaka mmoja umo. Mkaguzi haangalii alama peke yake. Huangalia pia ugumu wa masomo aliyochagua, na kama alianza chini akapanda. B ya fizikia inaweza kumpa heshima kuliko A ya somo jepesi. Kwa mtoto wa Kenya, ukurasa huo ni ushahidi kwamba anamudu darasa la Kimarekani kwa lugha yao.

Kwa hiyo wanakosea wanaomwambia mtoto, "Nenda ukajifurahishe, alama za huko si kitu." Zitakuwa kitu siku atakapoomba chuo huko. Na wanakosea vilevile wanaodhani tayari ameshavuka. Mshika mbili, moja humponyoka, isipokuwa amejipanga mapema.

Kujipanga si kazi kubwa. Kabla ya safari, mzazi akae na mwalimu mkuu wakubaliane mtoto atarudi kidato gani. Akifika kule, achukue hesabu na sayansi, na aulize mapema kama shule itampa gredi kamili au itaandika tu kwamba amefaulu. Kabla ya kupanda ndege kurudi, ajue utaratibu wa kupata rekodi rasmi ya alama, na amwombe mwalimu mshauri barua ya kumtambulisha. Ukishafika Likoni au Malindi, kufuatilia karatasi iliyobaki Ohio ni mtihani mwingine.

Serikali nayo ina deni. KCSE ya mwisho ya 8-4-4 ni ya mwaka 2027, na baada yake ni zamu ya watoto wa CBE. Wizara ya Elimu iandike wazi: mwanafunzi wa sekondari ya juu akikosekana mwaka mzima kwa masomo ya nje, anarudi darasa gani, na kazi aliyoifanya huko inahesabiwaje? Jambo hili lisiachiwe huruma ya kila mwalimu mkuu. Mtoto wa mwenye kujuana na watu atapata njia. Wa mvuvi wa Faza atapoteza mwaka.