Aliyekatisha Dawa, Tumrudishe Kliniki

Ndugu zangu wa Tunduma, Vwawa, Mlowo, Mkwajuni na Kamsamba, naandika kwa ajili ya watu tunaopanga nao nyumba moja, tunaosali nao na kufanya nao biashara, ambao walianza dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi kisha wakaacha kwenda kliniki. Wapo, na wengi wao hawakuacha kwa ubishi.

Tunduma yetu ni mji wa njia. Barabara ya kutoka Dar es Salaam hukata zaidi ya kilomita 900 hadi hapa mpakani, na malori ya Zambia na Kongo hupanga foleni mlangoni petu. Tarehe ya kliniki inafika, dereva yuko Lubumbashi. Mama muuza nguo kavuka mpaka kwenda Nakonde kufuata mzigo. Kijana yuko machimboni, mkulima kateremka bondeni msimu wa mpunga. Dawa zinaisha, siku zinapita, na zikishapita mtu anaona aibu kurudi. Aibu hiyo ndiyo ninayowaomba tuiondoe.

Dawa zenyewe zinafanya kazi. Serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004, na tangu 2016 kila anayekutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kusubiri kinga ishuke. Kwa watu wazima wengi ni kidonge kimoja tu kwa siku. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulionyesha kuwa kati ya watu wazima wanaotumia dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vimefubaa. Anayemeza kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Lakini virusi havijaondoka; vimejificha ndani ya seli, na dawa ikikatishwa huanza kuzaliana tena ndani ya wiki chache. Mtu anaweza kujiona mzima, anabeba magunia kama kawaida, huku kinga yake inaliwa, mpaka kifua kikuu kimlaze. Uzima aliokuwa nao uliletwa na dawa. Usiwe sababu ya kuiacha.

Mwaka 2011 watu kwa maelfu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya miti ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na wapo walioweka dawa zao kando baada ya hapo. Wachungaji, mashehe na mitume wa mkoa huu, waombeeni watu. Mkimaliza kuomba, mwambieni mgonjwa kwa sauti yenu wenyewe aendelee kumeza dawa. Neno lenu linasikika kuliko bango lolote la hospitali.

Sisi majirani nasi tuna sehemu yetu. Kuna mtu anayetoa vidonge kwenye kopo na kuvifunga kwenye karatasi, maana kopo hulia ndani ya begi na mpangaji wa chumba cha pili anaujua mlio huo. Mwingine huiacha kliniki ya karibu, akapanda gari kwenda Vwawa au Mbeya ili asikutane na anayemfahamu kwenye benchi. Nauli ikikosekana, dawa imekatika. Ukimwona mtu kwenye kituo cha tiba na matunzo (CTC), yabaki hapohapo. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa, lakini hakuna askari atakayekaa kwenye baraza zetu kutulinda na umbeya wetu.

Wauguzi na waganga, nawaomba kwa heshima, nikijua foleni mnayoibeba. Aliyepotea miezi sita akisimama mlangoni na kupokewa kwa "ulikuwa wapi siku zote?", huenda hamtamwona tena. Mwambieni karibu. Itafuteni kadi yake, mpimeni, arudi kwenye dawa, na maswali yaje baadaye, faraghani. Anayepitisha siku 28 baada ya tarehe yake huhesabiwa kuwa amekatisha matibabu. Basi apigiwe simu ndani ya siku chache za mwanzo, kabla aibu haijakomaa. Kazi hiyo hufanywa na wahudumu wa jamii, wengine wakiishi na virusi wao wenyewe. Mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tulikumbushwa kwamba hatuwezi kuitegemeza kazi hii kwenye mfuko wa mbali. Madiwani wetu wa Tunduma, Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, watengeeni wahudumu hawa fungu kwenye bajeti ya halmashauri.

Wewe unayesafiri, mweleze muuguzi safari yako. Hali yako ikiwa imetulia unaweza kupewa dawa za miezi mitatu, hata sita. Beba kadi yako, na zikikuishia njiani ionyeshe kwenye kituo kingine cha tiba na matunzo. Wenye malori, mfanyakazi akiomba ruhusa ya kwenda hospitali, mpeni bila kumhoji.

Na wewe uliyekatisha, iwe ni mwezi au miaka miwili: rudi wiki hii. Ukiogopa kwenda peke yako, nenda na mtu unayemwamini. Na msomaji ukiombwa kumsindikiza mtu, msindikize, na kama hana nauli, mlipie.