Biogesi ya Mkonge Haiibii Shamba Rutuba

Hoja kwamba kuzalisha nishati kwa mabaki ya mimea ni kuliibia shamba rutuba haisimami mbele ya mkonge wa Tanga. Jani la mkonge linapopita kwenye korona, mashine ya kutenganisha nyuzi, singa (nyuzi) zinazopatikana ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Kinachobaki ni makapi na maji machafu, ambavyo kwa miaka mingi vimerundikwa au kumwagwa mitoni. Huko huoza, huchafua maji na kutoa methani, gesi inayopasha joto angahewa zaidi kuliko kaboni dioksidi. Huo ndio upotevu halisi.

Mtambo wa biogesi, kama ule uliojengwa Hale, Tanga, huozesha makapi hayo bila hewa. Bakteria hutoa methani ya kuendeshea jenereta. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu hubaki kwenye tope linaloweza kurudishwa shambani kama mbolea.

Hoja ya kuliibia shamba rutuba ina uzito kwa mabua ya mahindi, ambayo ni malisho na kinga ya udongo. Kuyaweka mabua na makapi ya korona katika kapu moja ni kosa. Makapi yavunwe gesi kwanza, kisha tope lirudi shambani.