Wakubwa wala madini ya Kongo, walalahoi walipa deni

NDUGU msomaji, ukisikia mkubwa anatangaza kwamba majeshi yanavuka mpaka kwenda kumsaidia jirani, usiwe na haraka ya kupiga makofi. Uliza kwanza maswali mawili: huko yanakokwenda, chini ya ardhi kuna nini? Na gharama italipwa na nani?

Maswali haya si ya wasomi wa Dar es Salaam peke yao. Ni yetu sisi vijana wa Majimoto. Ukifika Karema, mkoa huu huu wa Katavi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo yenyewe, upande wa Kalemie na Moba. Na kila mwaka vijana wa hapa wanahangaikia fomu za JKT kwa matumaini ya kuvaa magwanda. Siku wakipelekwa nje, hawatakwenda watoto wa vigogo. Utakwenda wewe.

Tuanze na vita vya 1998. Tarehe 2 Agosti mwaka huo uasi ulilipuka Goma, na nyuma ya waasi walikuwapo Rwanda na Uganda. Zimbabwe, Angola na Namibia nazo zikapeleka askari kumwokoa Rais Laurent Kabila. Kila mmoja alikuja na wimbo wake. Kigali na Kampala waliimba usalama wa mipaka. Harare iliimba kumlinda mwanachama mwenzao wa SADC. Wimbo ule haukuwa uongo mtupu, maana wauaji wa Rwanda wa 1994 walikuwa kweli wamejificha Kongo, na waasi wa ADF walikuwa kweli wakiwashambulia raia magharibi mwa Uganda.

Lakini hebu tujiulize. Kama shida ilikuwa mpaka, Rwanda na Uganda walitafuta nini Kisangani, mji ulio mamia ya kilomita kutoka mipaka yao? Na kwa nini marafiki hao wawili walitwangana wao kwa wao katika mji huo mwaka 1999, kisha tena Mei na Juni 2000, mpaka mamia ya raia wasio na hatia wakafa? Kisangani ni mji wa biashara ya almasi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Sasa mtazame Mzimbabwe wa kawaida. Nchi yake haina hata mpaka na Kongo, lakini ilipeleka askari wapatao 11,000. Jeshi likaunda kampuni yake, ikaitwa Osleg, ikaingia ubia na wakubwa wa Kongo katika almasi za Mbuji-Mayi. Je, mlalahoi wa Harare aliionja almasi hiyo? Alichokiona ni foleni ya mafuta ya taa na petroli, bei kupanda na dola kuadimika. Serikali iliwaambia wakopeshaji wa IMF kwamba vita vinakula dola milioni 3 kwa mwezi. Mwaka 1999 ikavuja habari kwamba katika miezi sita tu zilikuwa zimeteketea dola milioni 166. Piga hesabu mwenyewe.

Tena gharama haikuwa ya fedha tu. Januari 1999 gazeti la The Standard la Harare liliandika kwamba maofisa wa jeshi wamekamatwa kwa njama ya kupindua serikali, na kwamba vita vya Kongo ni moja ya manung'uniko yao. Waandishi Mark Chavunduka na Ray Choto walikamatwa na jeshi, wakateswa. Vita vya mbali vikawa vimeingia chumba cha habari. Septemba mwaka huo chama kipya cha upinzani, MDC, kikazaliwa. Februari 2000 wananchi wakaikataa katiba ya serikali kwenye kura ya maoni. Uchaguzi wa Juni ulipowadia watu zaidi ya 30 walikuwa wameshauawa, na bado MDC ilipata viti 57 kati ya 120. Kongo haikuwa sababu pekee, lakini ilikuwa mzigo uliomvunja mgongo punda aliyekwisha kuchoka.

Na waliokula je? Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2002 ilimtaja Spika wa Bunge wa wakati huo, Emmerson Mnangagwa, miongoni mwa vinara wa biashara hizo. Mwaka 2017 bwana huyo akawa Rais. Mwenye foleni alibaki kwenye foleni.

Uganda somo ni chungu zaidi. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu nchi hiyo kwa kuivamia Kongo. Soma vizuri hukumu ile. Mahakama ilisema haikuthibitishwa kwamba serikali ya Uganda ilikuwa na sera ya kupora madini. Waliopora ni maofisa na askari wa jeshi lake, hata wa ngazi za juu kabisa, na serikali ikashindwa kuwazuia. Kwa hiyo mbele ya sheria, nchi inawajibika.

Bili ilikuja Februari 2022: dola milioni 325 za Marekani, zikiwamo milioni 60 kwa ajili ya rasilimali zilizoporwa. Ilipangwa ilipwe kwa awamu tano za dola milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022. Unaona mchezo huo, msomaji? Dhahabu ya Ituri iliingia mifukoni mwa watu wachache. Deni likaandikwa kwa jina la taifa zima. Kijana wa bodaboda wa Kampala aliyezaliwa baada ya majeshi kurudi nyumbani mwaka 2003 anachangia deni hilo kila anapojaza petroli. Nyara ni za mtu binafsi, hasara ni ya umma. Huo ndio ulaji wa vita.

Wala mchezo haujaisha. Aprili 2024 waasi wa M23 waliteka Rubaya, machimbo ya koltani, madini yanayotumika ndani ya simu hiyo uliyoishika. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba waasi walikuwa wakikusanya kodi ya takriban dola 800,000 kwa mwezi hapo, na kwamba koltani ilivushwa kwa magendo kwenda Rwanda. Waliandika pia kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa wakipigana bega kwa bega na M23. Kigali imekana. Januari 2025 Goma ikaanguka.

Na sisi Watanzania tulikuwamo. Tuseme ukweli: hatusemi askari wetu walikwenda kuchimba. Mwaka 2013 walikwenda kwa azimio la Umoja wa Mataifa, wakasaidia kuwatimua M23 wa wakati ule, na tulijivuna. Desemba 2017 wasiopungua 14 waliuawa Kivu Kaskazini kwa shambulio moja. Desemba 2023 SADC ilipeleka vikosi vya Afrika Kusini, Malawi na Tanzania. Januari 2025 tulipoteza askari wawili, na Machi SADC ikaamua kufunga virago.

Afrika Kusini katiba yao, kifungu cha 201, inamtaka Rais alieleze Bunge sababu, mahali, idadi ya askari na muda. Rais Ramaphosa alipeleka taarifa bungeni: askari 2,900, gharama zaidi ya randi bilioni 2. Wananchi wakajua, wakabishana, wakauliza. Sasa muulize kijana yeyote hapa stendi ya Majimoto safari ile iligharimu shilingi ngapi za Tanzania. Atatazama mbingu.

Katiba yetu, Ibara ya 44, inasema Rais akitangaza hali ya vita Bunge liitishwe ndani ya siku 14. Lakini safari hizi haziitwi vita. Zinaitwa ulinzi wa amani, basi mlango wa Bunge unapitwa kwa nje. Tutaambiwa hizo ni siri za jeshi. Sawa, idadi ya risasi na mahali pa handaki viwe siri. Lakini bili si siri. Kama askari 2,900 wa mwenzetu wangeweza kutajwa hadharani, wa kwetu wana nini cha kufichwa?

Wazee watakusimulia vita vya Kagera. Amin alivamia ardhi yetu mwaka 1978, kila Mtanzania alijua kwa nini tunapigana, na Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda miezi 18. Mikanda ilikaa imefungwa miaka mingi, sabuni na sukari vikawa vya kupanga foleni. Ikiwa vita vya haki viliuma hivyo, vita vya kufichwa vitauma vipi?

Gazeti hili linasema hivi. Askari asivuke mpaka kabla Bunge halijaelezwa kazi, muda na gharama. Kiongozi au ofisa yeyote mwenye hisa au leseni ya madini katika nchi tunakopeleka vikosi aseme hadharani. Sheria ya maadili ya viongozi ya 1995 tayari inamtaka atangaze mali zake. Na familia ya askari aliyekufa iambiwe alikufa wapi na kwa kazi gani.

Ndugu msomaji, mbunge wako akija Majimoto kuomba kura, usimwachie aongee habari za mbolea na barabara tu. Mwulize na hili. Mchuma janga hula na wa kwao, na hao wa kwao ni wewe na mimi.