Tangi tupu si lazima liwe na kinyonga
Vijana mnaniuliza: "Bwana shamba, tangi la samaki limebaki tupu, niweke kinyonga au kobe?" Mimi nasema hapana. Kinyonga anataka hewa inayopita na matawi ya kupanda. Ndani ya kioo atadhoofika. Kobe anaweza kuishi zaidi ya miaka 50, na tangi litakuwa dogo mapema. Chura angefaa kidogo, ila ngozi yake inafyonza hata klorini ya maji ya bomba na dawa iliyobaki mikononi mwako. Halafu, kumkamata mnyamapori bila kibali ni kesi. Waacheni shambani wale wadudu, hawadai mshahara. Tangini weka vifaranga vichache vya sato, uangalie afya yao kabla hujawapeleka bwawani.